Kwaresima ya Kuku

Kasongo, Jumanne, 5 Machi 1957

Kesho majivu. Padri Mkuu alituweka walimu wote baada ya masomo, akasema mwaka huu hataki sadaka za kunong'ona. Kila mwalimu atasimama mbele ya watoto na kutaja kwa sauti kitu anachoacha hadi Pasaka. Katekista Marcellin ataandika katika daftari. Atakayevunja ahadi asifikiri atafundisha tena watoto wa komunyo ya kwanza. Asifikiri pia — hapo akanitazama mimi — kwamba tangazo la ndoa yake litasomwa kanisani.

Ananijua. Anajua habari za Léocadie, na anaikumbuka Kwaresima yangu ya mwaka jana, nilipoacha malafu, pombe ya mchikichi, kwa siku tatu. Tatu na nusu, kusema haki.

Basi nimekaa na kalamu. Wengine wakikwama hukuna kichwa, mimi huandika. Niache nini?

Malafu? Hapana. Nilijaribu, nikawa mtu mbaya, hata mbuzi wa jirani walinikwepa. Sukari? Chai bila sukari ni maji yaliyooshewa majani. Pilipili? Sombe ya majani ya muhogo bila pilipili ni adhabu, na mimi sijaua mtu. Sigara sivuti, na Padri anajua kuwa sivuti. Njia hiyo niliipita mwaka juzi.

Kuku!

Kuku namla lini mimi? Noeli mmoja, Pasaka mmoja. Nitamwacha kwa moyo wangu wote, na mbinguni wataandika kwa herufi kubwa. Leo nalala usingizi wa pono.

Jumatano, 6 Machi

Imepita. Padri alinipaka majivu hadi kwenye nyusi. Nilisimama mbele ya watoto mia mbili, nikainamisha kichwa, nikatamka: kuku. Watoto wakaguna kwa huruma. Kuguna huko kulinipendeza, nakiri.

Marcellin aliandika polepole, huku uso umemshuka. Yeye ameacha tumbaku ya kunusa. Mtu huyu alianza kunusa kabla ya kubatizwa! Kila akinusa hupiga chafya tatu, hazizidi hazipungui, na darasa langu lililo nyuma ya ukuta huzihesabu kwa sauti. Nimemwonea huruma. Ni rafiki yangu, tena ndiye mshenga wangu, maana ndugu zangu wako mbali na yeye anajua kusema na wazee.

Kisha ikawa zamu ya watoto. Mmoja wa darasa langu akasimama wima, akasema anaacha nyama ya tembo. Ilinipasa nimkemee. Nilimtazama, naye akanitazama. Nikamwambia akae.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya kumi, na kuku hajanijaribu hata mara moja. Jana sombe na samaki wa Nyangwe. Leo maharage, na malafu kidogo ya kuyateremsha. Utakatifu si mgumu kama wanavyosema.

Marcellin ndiye mwenye hali mbaya. Hakuna chafya, watoto wamekosa hesabu. Sasa anapita nyumba kwa nyumba akiuliza watu habari za ahadi zao, anafunua hata vyungu. Mtu aliyeacha tumbaku hataki kuteseka peke yake. Jioni alikuja kwangu, akainama, akainusa sahani yangu.

Alhamisi, 21 Machi

Barua kutoka Kabambare! Léocadie alisoma ushonaji kwa masista hapa Kasongo, akarudi kwao Noeli, na tangu hapo mimi naishi kwa barua. Hii ndiyo niliyoingoja. Mama yake, Mama Anastasie, amekubali kuniona. Mjomba wake Zuberi pia, ambaye ndiye mwenye neno, kwa kuwa baba alikwisha kufariki. Nije mwanzo wa Aprili pamoja na mshenga.

Niliruka. Kisha nikasoma mstari wa chini: "Mama amekwisha kuchagua kuku. Amemfunga mguu karibu na kitanda chake, anamlisha mchele kwa mkono wake."

Nikakaa.

Kwao, mchumba akija mara ya kwanza, mama wa binti humpikia kuku mzima, kuku aliyemfuga mwenyewe. Mchumba anakula peke yake chumbani, mlango umerudishwa nusu, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani midomo. Firigisi ni yake, hapewi mtu mwingine. Halafu sahani inarudi kwa mama, naye anaitazama mifupa. Sahani ikirudi na kuku, mchumba amemkataa binti. Au anadhani mama ni mchawi. Chagua lipi ni afadhali!

Nayajua haya kwa sababu niliyacheka. Kabla yangu alikwenda karani mmoja wa mgodi kule Salamabila, mwenye miwani na baiskeli mpya. Akasema tumbo linamuuma, akala wali mtupu. Walimrudishia zawadi zake kabla hajaipanda ile baiskeli. Nilicheka wiki nzima. Mkuki kwa nguruwe!

Ijumaa, 22 Machi

Nimekwenda kwa Padri. Nikamwambia ahadi yangu imeonyesha kasoro ndogo, naomba kuibadilisha. Niache sukari. Niache malafu! Nimefikia hapo.

Padri alicheka mpaka ndevu zikatikisika, kisha akaacha kucheka. Akasema ahadi si shati. Akauliza mwaka jana nilikula kuku mara ngapi. Mara mbili, nikasema. Basi, akasema, ulimpa Mungu kitu usichokuwa nacho, na sasa amekuletea ili umpe kweli. Mshukuru.

Sikumshukuru. Lakini nilipofika mlangoni akaniita, huku anatazama karatasi zake, akasema Jumapili haihesabiwi katika Kwaresima. Jumapili ni Jumapili. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni Mzungu.

Shauri ni hili. Camion, lori la mchele, inaondoka Jumamosi tarehe sita, inafika jioni ileile. Jumapili namla kuku wa mama mkwe pamoja na firigisi, mbele ya mbingu na dunia. Ruhusa ya shule na karatasi ya njia ya serikali vyote vinakwisha Jumatano. Nafasi iko.

Jumanne, 2 Aprili

Mwezi umeonekana jana, Ramadani imeanza. Sasa Kasongo nzima ina njaa, Waislamu kwa kipimo na Wakristo kwa kukadiria. Jirani yangu Mwislamu aliniuliza mimi nafunga nini. Nikamwambia kuku. Akangoja nimalize sentensi.

Jumamosi, 6 Aprili, njiani

Juu ya magunia ya mchele, mimi na Marcellin. Daftari amelibeba! Nilimuuliza la nini safarini. Akasema Kwaresima haina likizo. Nikamweleza neno la Padri juu ya Jumapili. Akafikiri kilima kizima, akakubali: Jumapili sawa, siku nyingine ataandika.

Saa nane camion ikapiga kelele chini, ikainama upande mmoja. Springi imekatika. Dereva ameazima baiskeli akaenda kutafuta nyingine, na hakusema atarudi lini.

Jumapili, 7 Aprili, palepale

Wenyeji wa kijiji hiki ni watu wema. Wametupa mihogo ya kuchoma na mahali pa kulala. Kuku wako kila mahali. Mmoja amesimama juu ya sanduku langu tangu asubuhi, ananitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

Leo naruhusiwa! Leo ningekula kuku wote wa kijiji hiki na Mungu asiseme neno. Lakini ninayemtaka yuko Kabambare, amefungwa mguu, anakula mchele.

Saa nne, hakuna dereva. Saa nane, hakuna. Marcellin anasali rozari, na kila fumbo likiisha mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa tumbaku, unaukuta mtupu, unarudi. Dereva amefika saa kumi na moja. Tutaondoka alfajiri.

Jua linazama. Hiyo ndiyo Jumapili yangu inayokwenda.

Jumatatu, 8 Aprili, Kabambare

Tumefika saa nne, vumbi mpaka masikioni.

Nimemwona Léocadie. Alikuwa amesimama kando ya jiko la nje na kitambaa cha buluu kichwani, mikono ina unga, akacheka kabla hajasalimu. Maneno yote niliyoyapanga tangu Noeli yakanikimbia. Nampenda. Nimeandika, basi.

Mjomba Zuberi ni mrefu, ana kofia nyeupe na midomo mikavu ya mtu aliyefunga. Kuku amemchinja yeye mwenyewe, ili nyumba yote, Wakristo na Waislamu, waweze kumgusa. Kikopo chake cha tumbaku amekiweka dirishani mpaka jua lizame. Marcellin alikiona kabla hajawaona wenyeji.

Njiani nilimwomba Marcellin anyamaze juu ya ahadi yangu. Akasema mshenga anayeficha ni mwizi. Basi alisema, na alisema vizuri, kwa mzunguko, akianzia kwa Ibrahimu. Lakini mwisho wa mzunguko alikuwapo kuku. Sauti ya Mama Anastasie ikatoka nyuma ya ukuta, kwa kuwa hawezi kukaa nami:

— Mu vyakula vyote vya dunia, huyu mutu aliona kuku tu ndiye wa kuacha?

Marcellin alimrudia Ibrahimu, akakwama. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikasema ukweli. Kwamba nilimchagua kuku kwa sababu huwa simpati. Kwamba nilitaka kumdanganya Mungu kidogo, kwa adabu. Kwamba wakati ule sikujua kuwa kuna kuku mmoja Kabambare anayelishwa mchele kwa ajili yangu.

Mjomba Zuberi alicheka akashika tumbo lake tupu.

— Ninyi munachagua? Sisi hatuchague. Mwezi ukionekana, kwisha.

Akajifuta macho, akauliza habari za msafiri. Kwao msafiri ana ruhusa ya kula, atalipa siku nyingine. Kwetu hakuna? Nilimgeukia Marcellin kwa matumaini makubwa. Marcellin alikuwa anatazama dirisha. Akasema katika daftari hakuna mahali pa msafiri.

— Haya, akasema mjomba. Mimi sikulazimishe, mwalimu. Utaingia chumbani kama wengine. Mifupa itasema.

Wameniingiza. Mlango umerudishwa nusu. Marcellin amewekwa kwenye kigoda hapo nje awe shahidi, daftari gotini. Léocadie ameleta maji ya kunawa. Akanimiminia polepole, macho chini kama anavyotakiwa, na sauti ndogo kabisa:

— Mwalimu, sikukungoja miezi mine ushindwe na kuku.

Hakucheka sasa. Alipochukua bakuli alilishika upande mmoja tu, maji yakamwagika kwenye viatu vyangu. Basi naye anaogopa. Nilidhani ni mimi tu.

Saa nane. Sahani iko mbele yangu. Kuku mzima, wali mweupe wa kwao, mafuta ya mawese mekundu pembeni. Firigisi iko juu, peke yake, imewekwa katikati kabisa kama jicho. Mikono nimekwisha kunawa, nami nimeikausha kwa kuandika. Mwandiko wangu wa leo ni mzuri, wa ubaoni. Mwandiko ndio sifa pekee ambayo mkaguzi hajawahi kuninyima.

Tufikiri. Nikila, Marcellin anaandika, Padri anasoma, tangazo halisomwi. Nisipokula, tangazo la nani litasomwa? La mimi na nani? Padri alisema nimpe Mungu kweli kitu nilichonacho. Sawa. Lakini huyu kuku si wangu nimtoe. Ni wa Mama Anastasie. Amelala naye chumba kimoja wiki tatu, amempa mchele kutoka kiganjani, akamtoa. Sadaka ya kweli imekwisha kufanywa katika nyumba hii, na aliyeifanya si mimi.

Hiyo ni teolojia, au ni njaa? Sijui. Nina uchungu wa kweli kifuani, na harufu ya tangawizi puani.

Mafuta yanaanza kuganda. Nyuma ya ukuta wameacha kutwanga. Wanasikiliza. Nasikia hata kigoda cha Marcellin kikilia anapojigeuza.

Kigoda kimelia tena. Hatua. Zinakwenda nyuma ya nyumba.

Nimetazama dirishani. Kikopo hakipo.

Chafya.

Mjomba Zuberi amesema kitu uani, sikusikia vizuri, lakini kilikuwa na kicheko ndani.

Chafya ya pili. Kubwa. Hiyo ni ya siku thelathini na tatu.

Nangoja.

Ya tatu.

Daftari limebaki kwenye kigoda, limefungwa, naliona kutoka hapa. Juu yake hakuna mtu.

Lo, mwandiko gani huu! Herufi zinaangukiana, na hapa kuna doa la mafuta. Mtoto akiniletea kazi ya namna hii namrudisha aandike upya. Lakini nifanyeje? Mkono wa kushoto haujazoea kalamu.