Wali wa Mayai wa Violeth

Bariadi,
Jumapili mchana.

Dada yangu Benedikta,

Mwangaluka, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Malampaka, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho sikielewi. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Kwa hiyo nampa barua hii Josia, yule ninayefanya naye kazi kiwandani, maana kesho anapita huko kwenda kwa wakwe zake.

Mwezi uliopita uliponiuliza kwa nini Violeth hapokei simu, nilikuambia amekwenda kwao Ipililo kumuuguza mama yake. Dada, mama yake alikuwa mzima kabisa, analima. Mke wangu aliondoka na sanduku lake, na sikujua kama atarudi.

Unaujua wali wake wa mayai, ule wa Kichina aliojifunza alipokuwa akipika kwenye kambi ya Wachina wa barabara. Umeshaula mwenyewe. Punje moja moja, yai limetapakaa, vitunguu vya majani, harufu ya soya sosi inafika mpaka kwa jirani. Miaka minne nimeusifia wali huo kiwandani mpaka wenzangu wamenichoka. Basi siku moja akaja baba mdogo Ngeleja kutoka Lagangabilili na wageni wawili, bila taarifa, nami nikamwambia Violeth awapikie wali wa mayai. Akasema leo haiwezekani, afadhali tuchinje kuku. Nikakataa. Akanivuta pembeni akarudia kwamba haiwezekani, na nilipouliza kwa nini, akatazama chini akanyamaza. Nikamwambia aache maringo aingie jikoni. Alichokileta mezani, dada, kilikuwa bonge. Uji wa mayai! Nikaamini amenikomoa makusudi mbele ya wakubwa, na tukakosana vibaya. Kesho yake akaondoka.

Baada ya wiki akaja shangazi yake, Milembe, na ujumbe. Violeth hataki mbuzi, hataki maneno ya msamaha. Anataka nipike wali ule kwa mikono yangu, utoke vizuri, niubebe mwenyewe mpaka Ipililo. Nikacheka. Shangazi hakucheka. Akasema pamba ikiisha kuvunwa bila wali huo kufika, baba mkwe atanirudishia ng'ombe wangu wa mahari, na ndoa itakuwa imekwisha hapo.

Sasa nifikirie mimi, Luhaga, nimefunga mlango ili majirani wasinione, moshi umejaa, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi inanionyesha Mchina anarusha wali hewani. Nikapika mchele mzuri, mpya, ukaiva. Ungali wa moto nikaumimina kwenye mafuta, nikapasua mayai manne juu yake. Bonge. Siku ya pili nikapunguza maji, ukawa bonge lenye kiini kibichi. Siku ya tatu nikaona nitumie akili: nikauanika wali juani kwenye turubai kama tunavyoanika pamba. Kuku wakaumaliza, wale wale walionipa mayai! Wiki mbili nzima nilishindia michembe, viazi vikavu vitupu, na chai. Nilishindwa kuelewa, mayai ni yale yale, karai ni lile lile, mchele umetoka gunia lile lile.

Aibu ikanizidi, nikamweleza Josia, kwa sababu aliwahi kuendesha gari pale kambini. Alicheka mpaka akaketi chini. Akaniambia wali wa moto unatoa maji, hauwezi kukaangika hata umwite Mchina mwenyewe. Wali wa kukaanga unapikwa leo, unalala, kesho ukiwa wa baridi na mkavu unauvunjavunja kwa mkono. Karai linapata moto mkali, mayai yanatangulia, ndipo unaingia wali, na soya sosi kidogo mwishoni. Nikamwambia hicho ni kiporo. Akasema ndiyo, ni kiporo.

Dada, nilisimama pale kama mtu aliyepigwa. Unakumbuka baba alivyokuwa akisema mwanaume mwenye mji wake hali kiporo. Nami nilipomwoa Violeth neno la kwanza kumwambia lilikuwa hilo, kwamba kwangu kiporo ni cha mbwa. Kumbe miaka minne nakila nakisifia! Na siku ile wageni walikuja ghafla, wali wa jana haukuwapo. Angesema nini mbele ya baba mdogo? Kwamba kiporo cha mumewe kimekwisha? Alinyamaza kunifichia aibu yangu.

Na hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Sikukueleza nilichokifanya siku ile. Nilichukua sahani yake mbele ya wageni, nikatoka nayo uani, nikawamwagia mbwa, nikamwambia hicho ndicho chakula cha hadhi yake. Violeth aliokota sahani, akaiosha. Nimejuta, dada, nimejuta sana.

Alhamisi nikapika wali, ukalala. Ijumaa asubuhi nikaukaanga, ukatoka punje moja moja, nikatia kwenye hotpoti nikaenda Ipililo. Njia nzima najiuliza, ni mkwe gani anampelekea mama mkwe kiporo? Nikinyamaza nimewadanganya, nikisema nimewatukana. Nilipofika nikasalimia, nikaweka hotpoti chini, nikasema mbele ya baba mkwe kwamba huu ni wali wa jana, nimeupika mimi, na kwamba mimi niliyewamwagia mbwa chakula ndiye niliyekosa. Violeth akaonja, akala tena, akasema chumvi imezidi. Kisha akaingia ndani, akatoka na sanduku.

Tukiwa njiani nikamuuliza alipata wapi ujanja wa kunificha miaka yote hiyo. Akasema ni wewe. Kwamba wiki ile ya harusi ulimwambia aweke wali kwenye friji ya Monika, jirani yetu, wala asinibishie, kwa sababu ndivyo mama alivyomlisha baba kiporo maisha yake yote, na wewe ndiye uliyekuwa unaficha chungu.

Dada! Nimejaza karatasi kukueleza mambo uliyoyaanzisha mwenyewe. Sijui nikasirike, sijui nikushukuru. Naomba unijibu moja tu, na unijibu kweli: baba hakujua, au alijua akala akanyamaza? Maana kama alijua, basi katika ukoo huu mjinga nilikuwa mimi peke yangu.

Violeth anakusalimu, anacheka huko jikoni ninapoandika. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na goti ulikande kwa maji ya moto. Wabeja sana, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Luhaga