Peptidi ya Chura na Mguu wa Baba

Ijumaa, Kawetele. Mvua nyembamba tangu alfajiri, ile isiyo na haraka. Mlima Rungwe haujaonekana kutwa nzima.

Makomredi, wanamapambano wenzangu dhidi ya usugu wa vijidudu, ninyi mnaoufungua ukurasa huu mkitarajia niwashe moto: leo sina moto. Nina mchoro mmoja wa maabara na mguu mmoja wa baba.

Nianze na mchoro, niliotumiwa asubuhi na mwenzangu aliyebaki chuoni. Kwa waliojiunga karibuni: tunachunguza peptidi, vipande vifupi vya protini ambavyo chura huvitoa kwenye ngozi yake kujikinga na bakteria kwa kuutoboa utando wao. Juu ya tabaka jembamba mno la dhahabu tunatandaza utando wa mafuta unaoiga ule wa bakteria, kisha tunapitisha maji yenye peptidi. Mwanga tunaupiga kutoka chini ya dhahabu. Hauvuki kwenda kuitazama peptidi. Unarudi ulikotoka, na pembe ya kurudi kwake hubadilika kila kitu kinaponata upande wa pili. Hivyo tunajua kilichotua bila kukiona.

Kwenye utando wa bakteria peptidi yetu ilinata vizuri. Safari hii tuliijaribu juu ya utando unaoiga chembe nyekundu za damu ya binadamu. Imenata. Tukaosha kwa maji ya chumvi. Haikubanduka.

Haichagui adui.

Niliutazama mchoro huo kama mtu anayesoma hali ya hewa ya nchi ya mbali. Kisha baba akaita kutoka sebuleni kwamba mguu unawaka.

Alijikata na jembe migombani, juu kidogo ya kifundo. Dawa za aina mbili zimekwisha kushindwa. Mama yuko msibani Lupepo, kaka yuko Chunya. Aliyebaki nyumbani ni mke wa kaka, Tusajigwe, muuguzi mwenye uzoefu wa vidonda. Lakini kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamgusi, wala hapiti alipo. Mila hiyo nimeishambulia katika majukwaa mengi, na nikapigiwa makofi.

Leo sikuhutubia. Niliweka kiti cha Tusajigwe nyuma ya pazia la mlango, nikapiga magoti mbele ya mguu.

“Shemeji, bonyeza muundi kwa kidole. Shimo linabaki?”

Linabaki, nikasema.

“Wekundu umefika wapi?”

Jana aliniagiza nichore mstari wa kalamu pale ulipokomea. Leo umeuvuka, unakaribia goti.

“Ngozi ya ukingoni?”

Nyeusi.

“Kesho asubuhi, hospitali. Isipite hapo.”

“Mwambie huyo wa nyuma ya pazia,” baba akaniambia mimi, “kwamba naona ana haraka ya kunizika.”

“Mwambie baba, mwenye haraka ni huo mguu.”

Baba akanigeukia. “Hospitali ya nini, na wewe una dawa yako ya chura? Niletee hiyo. Nitaingoja.”

Nakiri hapa, maana hapa ndipo pa kukiri: sentensi moja tamu ingemfurahisha, na ninazo nyingi. Ingemfanya angoje. Na kungoja kungemaliza mguu, kisha yeye mwenyewe.

Nikamwambia, “Si dawa, baba. Inatoboa bakteria, na ingekutoboa na wewe.”

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. “Basi mmefanana! Wewe ukipanda jukwaani, unaunguza hata walio upande wako.”

Nyuma ya pazia kilisikika kicheko kilichozibwa kwa khanga. Kwa mila, baba hakukisikia.

“Haya,” akasema, akitazama dirishani. “Mwambie ndaga, asante. Nitakwenda.”

Tusajigwe hakuuona mguu ule hata mara moja. Alisoma kilichotua upande wa pili.

Bado naamini mila ile inastahili kuhojiwa. Ila nimebaki na swali: kati ya yote niliyoyasema hadharani mwaka huu, ni lipi lililombakiza mtu hai?

Kesho Tusajigwe atatangulia kwa bajaji yake aseme na daktari. Baba nami tutafuata kwa nyingine, mbali kidogo, macho yasikutane. Lakini mteremko wa kwetu umekuwa tope, bajaji haipandi hadi nyumbani, itasubiri barabarani, na baba ni mzito.

Basi, makomredi, mabango yaacheni nyumbani. Mkutano wetu ni kesho Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba yetu. Hotuba hakuna. Wanahitajika wanne, wenye mabega yanayolingana.