Kitambaa cha Kompyuta

Mpanda,
6 Machi 1995

Mdogo wangu Benedikto,

Pokea salamu za nyumbani. Mvua ni nzuri na kule Usevya mpunga umesimama. Mama anauliza kama malaria imekuacha. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inaumwa.

Chama chetu cha wakulima kimepata kompyuta. Nafasi ya kwenda kuisomea ilikuwa yangu, maana miaka yote mimi ndiye mpiga chapa wao. Katibu Melkior akampeleka Aline, yule binti wa Katumba niliyemfundisha mwenyewe kuweka vidole kwenye taipureta yangu. Juzi mbele ya wajumbe akasema, "Eufrazia na taipureta yake wote waende stoo." Watu wakacheka, Benedikto. Aline naye akacheka.

Wewe unazitengeneza hizo kompyuta huko Dar. Niambie zinaogopa nini.

Dada yako,
Eufrazia

Dar es Salaam,
29 Machi 1995

Dada mpendwa,

Shikamoo. Malaria imekwisha, nakula vizuri. Pole sana kwa matusi uliyopata.

Nikuchekeshe kidogo. Mzee Ngolo, fundi mkuu wetu, anasimulia kompyuta za zamani: moja ilijaza chumba kizima, inalishwa kadi za karatasi zenye matundu, na chumba chake kina baridi mpaka mafundi wanavaa sweta hapahapa Dar. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Siku hizi zinaruhusiwa, zinakaa mezani, na kazi inatunzwa kwenye disketi, kitu bapa kinachoenea mfukoni. Zinaogopa vumbi na joto, lakini zaidi zinaogopa sumaku. Ile ya spika ya redio ikilala karibu na disketi, yaliyomo yanafutika yote.

Nimekwambia ucheke, siyo ufanye.

Mdogo wako,
Benedikto

Mpanda,
21 Mei 1995

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima. Nimecheka kama ulivyotaka.

Waliniachisha kazi, wakaniaga kwa soda, nami nikawapa zawadi: kitambaa nilichofuma kwa uzi mweupe na maua mekundu. Unawajua watu wetu, redio tu haikai uchi, sembuse kompyuta! Aline alinikumbatia akalia. Kila jioni anafunika nacho mashine pamoja na boksi la disketi.

Kona zake ni nzito, kinatulia vizuri. Ile redio mbovu ya marehemu baba niliifungua, sumaku nikaivunja kwa nyundo, vipande nikavishonea ndani.

Dada yako,
Eufrazia

Dar es Salaam,
14 Agosti 1995

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama hajambo. Mimi siko salama.

Melkior amekuja hapa kwenye karakana yetu. Disketi za ofisini zilikufa zote, lakini Aline alikuwa ametunza nakala kabatini, na kabla ya safari walizijaribu zikafunguka. Akazileta kwa treni tumhamishie yaliyomo kwenye nyingine mpya. Ili zisipate vumbi njiani alizifunga kwenye kitambaa chako.

Mezani kwangu hazikuwa na kitu. Melkior anasema nimezifuta mimi, na tajiri wangu anamwamini mteja. Nilipapasa zile kona, dada. Kitambaa nikakificha.

Nimepewa muda nijieleze, la sivyo natoka. Kazi hii nilianza kwa kufagia mpaka nikaaminiwa kushika bisibisi. Nakuomba umwandikie tajiri kwa mkono wako. Ni mtu wa kusamehe, atalimaliza kimya kimya.

Mdogo wako,
Benedikto

Mpanda,
10 Septemba 1995

Mdogo wangu mpendwa,

Mama anakusalimu sana. Huku ni furaha tupu!

Aline amefukuzwa kwa ajili ya disketi zilizokufa, amerudi Katumba na mtoto mgongoni. Melkior alinifuata mpaka nyumbani, akavua kofia, akaniomba nirudi. Sasa nimekalia kiti changu, napiga upya majina ya wanachama wote, na kila asubuhi anapita mezani kwangu kunisalimia. Wajumbe wakimwona, wanacheka. Yaani nalala usingizi mtamu.

Halafu unataka nijichongee? Wewe ni mwanaume na una ufundi, kazi utapata nyingine. Nyamaza. Hicho kitambaa kichome.

Dada yako anayekupenda,
Eufrazia

Dar es Salaam,
2 Novemba 1995

Eufrazia,

Salamu. Mimi mzima.

Nilinyamaza kama ulivyotaka, nikafukuzwa. Kiti changu kina mtu mwingine, mimi naosha magari. Nilingoja barua yako nyingine, hata ya kunipa pole tu. Haikuja.

Redio ya baba ilikuwa yetu sote, hukuniuliza.

Kitambaa sikukichoma. Nimekifunga kifurushi kwa jina la Melkior. Kona moja nimeifumua, zilizobaki atafumua mwenyewe. Mzee Ngolo amemwandikia maelezo ya sumaku, ametia na sahihi.

Kifurushi na barua hii vimepanda treni moja. Mwambie Mama malaria haijarudi.

Benedikto