Ukuta wa Kwa Mirta

Jumanne, 7 Machi

Viatu mlangoni leo jozi thelathini na moja. Vyangu vilikosa nafasi. Mwaka jana tulikuwa sita tu sebuleni kwa Mirta, mwalimu mstaafu — kengele yake, mito ya kukalia, nusu saa ya kutafakari kimya, basi. Hakuna bosi, hakuna kiingilio. Kila mtu anajitolea: mimi nafagia. Sasa mtaa mzima wa Boedo umesikia.

Nilikaa goti kwa goti na Zunilda. Nikasinzia. Akaninong'oneza kwa Kiguarani, lugha yetu ya nyumbani Paraguay: "Kaka, unakoroma kama mashine ya zege." Miezi minane tunakalia mito jirani, na hiyo ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote. Nimefurahi kama mjinga!

Jumanne, 14 Machi

Watu saba walikaa uani, mvua inanyesha. Baadaye, tukipokezana kibuyu cha chai ya yerba, Mirta akasema chumba cha pili ni kitupu. Tuvunje ukuta wa katikati Jumamosi. Tusipovunja, itabidi tugawanyike: wengine Jumanne, wengine Alhamisi.

Alhamisi! Mimi siku hiyo nalala kazini, mji wa Pilar. Na Zunilda, anayemtunza bibi kizee mtaa wa Flores, Alhamisi ndiyo mapumziko yake. Jumanne huja kwa kuomba ruhusa.

Mirta akanigeukia: "Fundi Sindulfo, ukuta unavunjika?"

"Unavunjika." Nilijibu kabla sijaugusa. Mtu mzima mimi, miaka hamsini na mbili!

Alhamisi, 16 Machi. Pilar

Zege kutwa. Mgongo hauna adabu. Msimamizi Benítez kauliza Jumanne huwa nakwenda kufanya nini. Nikasema: tunakaa, tunanyamaza. "Mchukue mke wangu akajifunze!" Mmoja akadakia kutoka juu: "Anza na msimamizi!" Tumecheka hadi toroli likapinduka.

Jumamosi, 18 Machi

Saa mbili asubuhi nilikuta watu tisa, vitambaa puani, nyundo mkononi. Wengine hawajawahi kushika nyundo. Nikasema ngojeni, nichokoe lipu kwanza, pale ukuta unapokutana na dari.

Chuma. Vyuma vyote vya dari vimelalia ukuta huo.

Nilikaa juu ya ngazi muda mrefu. Zunilda alikuwa chini, ameishika. Ningeweza kutegesha mbao mbili tatu na kumwachia Mungu. Wapo mafundi wanaofanya hivyo, na nimewahi kuzoa vifusi vyao. Lakini hapa watu hufumba macho! Nani angeiona dari ikija?

Nikashuka. "Hauvunjiki. Jumanne nilisema bila kuangalia. Nisameheni."

"Afadhali uongo wako kuliko dari kutuangukia, fundi," Mirta akasema. Wakala sambusa za empanada, wakaondoka na nguo safi.

Zunilda alibaki nyuma. Kwa lugha yetu: "Kwa nini ulisema unavunjika?"

Nikamwambia wiki ijayo nitaleta lipu nizibe tundu. Jibu gani hilo!

Jumanne, 21 Machi

Naandika jikoni kwa Mirta, kengele bado haijalia. Karatasi imebandikwa hapa mlangoni, safu mbili. Jumanne majina kumi na manane. Alhamisi kumi na sita. Wawili tu hatujaandika: mimi na Zunilda.

Asubuhi nilimwomba Benítez niwe natoka mapema Alhamisi. Kasema nikitoka nisirudi. Hakuwa anacheka. Sijamwambia mtu.

Zunilda kanikuta hapa, kalamu mkononi. "Andika wewe kwanza."

"Wewe kwanza, dada. Yako ni Alhamisi, inajulikana."

"Nani kakwambia?"

Uso umeniwaka, nimerudi kuinamia daftari. Watu wanavua viatu. Mirta anaita. Zunilda haendi kukaa. Amesimama kando ya karatasi, kifuniko cha kalamu ameking'ata mdomoni, ananisubiri nimalize sentensi hii.