Puli ya Cherehani

Mwanangu kitinda mimba,

Sisi wazima, na cherehani nayo nzima. Ile puli ya kwanza uliyonitumia, hilo gurudumu la kuzungusha mkanda, mkanda ulikuwa ukiruka kila nikikanyaga kwa nguvu. Shangazi yako akauchungulia mfereji wa kulaza mkanda, akacheka, "Mfereji gani huu, kuta wima kama za kisima?" Hii ya pili, uliyoisahihisha pembe kwenye programu, kuta zimelala mshazari na mkanda umetulia kama mtoto mgongoni.

Baba yako ndiye aliyeifunga, kwa ule mkono wake wa vidole vitatu. Akaipapasa, akasema, "Huyu kanizidi ufundi," akatoka nje upesi.

Unasema unachora kwenye kompyuta, unafunga mlango wa mashine, nayo yenyewe inaichonga puli kwa kuikereza, mkono hauingii. Nimefurahi, mama. Ila baba yako naye aliniambia mashine ya kukereza haina neno, na vidole vikabaki hukohuko.

Sasa kwenye picha uliyotuma, mkono mmoja umeuficha mfukoni. Piga nyingine, mikono yote juu kama mwizi aliyekamatwa. Nikishavihesabu vidole, nitakushonea gauni lisilo na mifuko.

Mama yako,
ambaye wasiwasi ndio salamu zake