Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la maktaba linanikaa kifuani. Magoti yako je, bado yanalia kama bawaba?

Nimepewa kazi kubwa. Kitabu cha Mkuu wetu wa Chuo kuhusu mbinu za kufundisha kitachapwa upya, kila shule ipewe nakala. Namtafutia vitabu vya historia ya elimu aandikie utangulizi. Anajivunia sana sura ya chumba cha utulivu: mtoto msumbufu anafungiwa peke yake mpaka atulie. Anasema aliianza alipokuwa mwalimu mkuu, shule ile ile uliyokuwa matroni. Hukuwahi kuniambia.

Katika kitabu cha historia ya shule yenu, ukurasa wa 112 umekatwa kwa wembe. Kulitokea nini?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, tumeshazoeana.

Aliyekata ukurasa alikuwa na sababu zake. Wewe panga vitabu, pokea mshahara, rudi nyumbani. Usimuulize Mkuu. Usimwambie mimi ni mama yako.

Mama

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Kuku akitaga unaniandikia kurasa mbili, safari hii mistari minne tu.

Umechelewa. Nilikuwa nimeshamuuliza. Aliweka kikombe cha chai chini polepole. "Vitabu vya zamani huliwa na panya." Nikamwambia panya hakati kwa rula. Akacheka, akauliza mama yangu ni nani. Nikamtajia. "Kumbe. Anaishi wapi siku hizi?" Nikamwambia. Tangu hapo ananiita binti yangu.

Jana nimepata nakala nyingine stoo. Ukurasa upo. Unasema mwanafunzi wa darasa la tano alifariki kwa ugonjwa. Ugonjwa gani, Mama?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika imeshafunguliwa na kugundishwa upya, kwa hiyo hii nampa fundi cherehani, anakuja huko kununua vitambaa.

Tulimwita Kinanda, maana hakuacha kuimba. Alikuwa na pumu. Ijumaa alifungiwa kwenye chumba kile, zamani stoo ya chaki, hakina dirisha. Mwalimu mkuu akaenda semina kuwaeleza wenzake mbinu yake. "Usifungue mpaka nirudi," aliniambia. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Mtoto alibisha mlango siku nzima. Jumamosi alibisha kidogo. Nilisimama pale nikaogopa kufukuzwa. Mimba yako ilikuwa ya miezi saba. Jumapili nikafungua.

Sitaki unionee huruma. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ila kitabu kile kikienda shule zote, watafungiwa akina Kinanda wangapi? Nimeandika yote, nimetia sahihi. Karatasi hiyo simpi mtu, nitakuletea mwenyewe.

Mama

6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimekusoma nikiwa nimesimama. Hasira ninayo, na bado wewe ni mama yangu.

Usisafiri. Nitakuja mwenyewe Jumamosi, tarehe 12. Mkuu aliniita ofisini kwa jambo lisilo na maana. Niliporudi mezani, barua yako ilikuwa imekunjwa vingine. Fundi anakuletea hii. Usimfungulie mtu usiyemjua.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Gari ulilotuma limefika. Dereva ana adabu, anasema umeyahurumia magoti yangu. Amekuja na mwenzake ambaye hasemi. Wameshaniuliza mara mbili kama nimebeba karatasi. Nimebeba.

Fundi bado hajarudi. Moyo umesita kidogo, ndiyo maana namwachia jirani barua hii. Labda ni uzee tu. Wanapiga honi.

Mama

13 Aprili

Mama,

Shikamoo, popote ulipo.

Nilifika jana kama nilivyoahidi. Jirani alinipa barua yako, akashangaa kuniona peke yangu. Sikutuma gari, Mama. Fundi alirudi siku ile ile alasiri, barua yangu mfukoni. Mlipishana kwa saa mbili.

Polisi wameandika maelezo. Wameniuliza kama huwa unasahausahau.

Kesho naenda kwa mchapishaji na barua yako ya tarehe mbili, ndiyo ushahidi pekee uliobaki wenye mwandiko wako. Jirani atakupa hii. Ukirudi kabla yangu, lala kwake.

Nikichelewa, fundi nimemwachia nakala.

Mwanao