Nilikuwa Namwekea Fuko

Jumamosi, mwezi wa nane. Muthara.

Kumekucha na ukungu, na manyunyu yale ya huku kwetu yasiyolowesha shamba wala kukuacha ukauke. Saa nne jua limechungulia kidogo, likaghairi. Ninaandika haya nikiwa na udongo kwenye kucha na macho yaliyovimba. Anayetafuta ya kuchekesha leo apite tu, sitamlaumu.

Leo nimechimba kiazi kikuu cha Mutwiri.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Mutwiri ni mume wangu. Najua ningepaswa kuandika "alikuwa", lakini vidole bado vinakataa. Aliugua kwa muda mfupi mwaka jana, akatuacha. Kabla ya kuugua alikuwa amepanda kiazi kikuu kimoja nyuma ya jikoni, chini ya mti wa mukungugu, ili kipate pa kukwea, jinsi baba yake alivyomfundisha. Huku Tigania kiazi kikuu ni mmea wa mwanamume. Mwanamume hupanda, mwanamume huchimba, mwanamke hungoja na sufuria. Majani yalipokauka mara ya kwanza, mwenye kuchimba alikuwa ameshazikwa. Hakuna aliyekigusa.

Mvua iliporudi kikachipua tena, kikaukwea mti, na sasa majani yamekauka mara ya pili. Shemeji yangu Muriuki alikuja na jembe begani. "Mama Kendi, wacha nikitoe hiki kitu. Kitaharibika." Nilimfukuza kama kuku aliyeingia kwenye mahindi. Yeye hakujua kwamba kila asubuhi nikienda kukamua ng'ombe nilipitia hapo, nikaweka kiganja kwenye ule udongo ulioinuka, nikasema moyoni: kazi ya mwisho ya mikono yake iko hapa, na iko salama.

Akina mama wa kanisa wananiambia niachilie. Ni neno jepesi sana kinywani mwa mtu ambaye mume wake yuko nyumbani anakoroma.

Sasa nieleze habari ya Mama, aliyemzaa Mutwiri, maana yeye ndiye aliyenipeleka shimoni. Mama anakataa chakula. Uji vijiko viwili, chai nusu kikombe, basi. Amekonda hadi pete yake imefungwa uzi isidondoke. Zahanati hawakuona ugonjwa. Mimi nilihofia tutamzika kando ya mwanawe kabla mwaka haujaisha. Kisha juma lililopita akasema ana hamu ya kitu kimoja tu: kiazi cha Mutwiri.

Nami nikafanya nini? Nikaenda sokoni, nikachagua kiazi kikuu kizuri, nikakichemsha, nikampelekea bila kusema kimetoka wapi. Aliuma, akatafuna polepole, akaniangalia.

"Mwanangu, hiki ni cha sokoni. Cha Mutwiri unamwekea nani?"

Niliosha sahani nikaenda zangu.

Leo asubuhi nimeshika jembe. Muriuki alikuwa amekwenda mjini Maua na ningeweza kumngoja, lakini nilijijua. Ningengoja, ningemfukuza tena. Kiazi kikuu hakichimbwi kwa pupa. Unalegeza udongo pembeni, unaacha jembe, unaingia kwa panga na mikono, unashuka nacho taratibu usije ukakivunja. Nilikuwa nimeshuka hadi kwenye kiwiko wakati mkono wangu ulipotumbukia kwenye uwazi.

Fuko. Alikuwa amejichimbia njia yake kutoka upande wa chini, akakitafuna kiazi chote ndani kwa ndani, akaacha ganda. Huko juu udongo ulikuwa umeinuka vilevile, na kiganja changu juu yake kila asubuhi.

Nilikuwa namwekea fuko.

Niliketi kwenye tope nikalia kilio ambacho msibani hakikutoka. Nilimkasirikia fuko, kisha Mutwiri, kisha Mungu, kwa mpangilio huo. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka. Yesu alituonya tusijiwekee hazina penye nondo na kutu na wezi. Fuko hakumtaja, pengine kwa sababu hakulima Tigania, lakini onyo limenifikia. Nilidhani nikichimba nitakuwa nimemmaliza Mutwiri. Kumbe kwa kutochimba nilimnyima mama yake, nikajinyima na mimi, na bado sikubaki na kitu.

Karibu na kichwa, pale shina linapotokea, kilikuwa kimebaki kipande kizima, kama urefu wa kiganja. Nikakikata. Kichwa chenyewe kilikuwa hai, na kichwa cha kiazi kikuu hakitupwi, hurudishwa shimoni kichipue. Nikaliziba pango la fuko kwa mawe, nikamwaga jivu na samadi, nikakirudisha. Ndiyo, mwanamke amepanda kiazi kikuu. Wazee wakitaka kunijadili, nyumbani wanapajua.

Sikusikia amani yoyote. Nilisikia uchungu, mzito kama siku ile.

Nilikichemsha kile kipande nikampelekea Mama kikiwa bado na moto. Hakuuliza kwa nini ni kidogo. Alikikata katikati, akanisukumia nusu, akafumba macho kuomba. Alimshukuru Mungu kwa mvua, akamshukuru kwa kiazi, kisha kwa sauti ileile ya kawaida akasema, "Na Mutwiri pia ulitupa wewe. Umemchukua. Asante kwa siku alizokuwa nasi."

Mchungaji alisema maneno ya namna hiyo kaburini, na watu wote wakaitikia isipokuwa mimi. Nilikuwa nimebana meno. Nilidhani hakuna aliyeona.

Mama hakufumbua macho wala hakugusa chakula. Mvuke ulipungua juu ya sahani na yeye bado amekaa vile vile, mikono imekunjwa, ananingoja.

Nikajaribu, meno yakabana. Nikajaribu tena.

"Amina," nikasema.

Ndipo akaanza kula.